Udongo Una Kumbukumbu: Ardhi Iliyochafuliwa katika Miji ya Jida na Riyadh



Muhula huu tulitakiwa kuandika insha ya historia kuhusu mji mmoja ulio nje ya Afrika Mashariki lakini unaojulikana na Waswahili. Wenzetu wengi walichagua Maskati. Sisi wanne tulichagua Jida, kwa kuwa nyumbani kwetu jina hilo tulilisikia kabla hatujajua kusoma ramani. Bibi zetu waliokwenda kuhiji walirudi na tasbihi, maji ya Zamzam na masimulizi ya kaburi la Bi Hawa, ambalo kwa imani ya wengi liko Jida. Kwao Jida ilikuwa mlango wa Makka, na mlango haukai mtu, unapita tu.

Tulianza tukitaka kuandika kuhusu mahujaji. Kilichotugeuza ni simu moja. Mjomba wa mmoja wetu alikuwa fundi wa magari kusini mwa Jida kwa zaidi ya miaka ishirini, na sasa amerudi Mombasa. Tulimpigia ili atueleze maisha ya Waafrika katika mji ule. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, tulimwuliza kuhusu mtaa wake.

“Mtaa wenyewe haupo tena, wanangu. Umevunjwa wote,” alisema. Kisha akaongeza jambo ambalo hatukumwuliza. “Pale nyuma ya gereji yetu palikuwa na shimo. Mafuta machafu ya injini yote tulimwaga mle, miaka nenda miaka rudi. Na jirani yetu akifungua betri kuukuu ili auze risasi. Sasa nasikia patajengwa pazuri. Mimi sina neno, wajenge. Lakini wajue kwamba pana shimo.”

Insha hii imezaliwa na sentensi hiyo ya mwisho. Tunataka kueleza kwamba kupima ardhi iliyochafuliwa, kabla ya kufufua kitovu cha mji, ni kazi ya historia kabla haijawa kazi ya maabara; na kwamba Jida na Riyadh zinatuonyesha faida na hasara ya kuikumbuka au kuisahau historia hiyo.

Kazi yenyewe hufanywaje

Wataalamu wa ardhi iliyochafuliwa hawaanzi kwa kuchimba. Hatua ya kwanza ni kukusanya habari za kale za kiwanja: ramani za zamani, picha zilizopigwa kutoka angani, leseni za biashara, hati za umiliki, na mazungumzo na watu waliofanya kazi au kuishi hapo. Wanatafuta majibu ya maswali mepesi. Hapa palikuwa na nini? Matangi ya mafuta yalikaa wapi? Takataka zilitupwa upande gani? Maji yalitiririka kuelekea wapi?

Hatua ya pili ndiyo ya kutoboa ardhi, kuchukua sampuli za udongo na maji ya chini, na kuzipeleka maabara. Hapo hutafutwa mafuta, risasi, zebaki, dawa za kuyeyushia grisi na vitu vingine vyenye sumu. Hatua ya tatu ni kupima hatari, na hapa wataalamu hufuata mnyororo wa pete tatu: chanzo cha sumu, njia inayopitia, na mtu au kiumbe anayefikiwa nayo. Risasi iliyolala chini ya lami nene haina njia ya kumfikia mtoto. Risasi hiyohiyo ikiwa katika vumbi la uwanja wa michezo inamfikia kila siku, mikononi na mdomoni. Ndipo huamuliwa kama udongo uchimbwe na kuhamishwa, usafishwe hapohapo, ufunikwe, au kiwanja kipewe matumizi mengine.

Dunia ilijifunza umuhimu wa hatua ya kwanza kwa uchungu. Huko Niagara Falls, katika jimbo la New York, kampuni moja ya kemikali ilijaza taka zake katika mfereji uliotelekezwa unaoitwa Love Canal, kuanzia miaka ya 1940. Mwaka 1953 iliuza ardhi hiyo kwa bodi ya shule kwa dola moja, na hati ya mauzo ilitaja kwamba chini pana kemikali. Shule ikajengwa, na nyumba zikajengwa kuizunguka. Mwaka 1978 serikali ilitangaza hali ya dharura na familia zikaanza kuhamishwa, na mwaka 1980 Marekani ikapitisha sheria ya kusafisha maeneo ya aina hiyo. Tuzingatie hapa: habari ilikuwepo, imeandikwa kwenye karatasi. Kilichokosekana ni mtu wa kuifanya ifike kwa mama aliyenunua nyumba.

Jida: mji uliokua haraka kuliko mifereji yake

Hadi katikati ya karne ya 20, Jida ilikuwa mji mdogo wenye ukuta, usiozidi sana kilomita moja ya mraba. Tatizo lake kubwa lilikuwa maji. Watu walitegemea mabirika ya maji ya mvua, na mwanzoni mwa karne ile Waturuki waliweka pwani mtambo wa kuchemsha maji ya bahari na kukusanya mvuke wake. Wenyeji waliuita kandasa, jina lililotokana na neno la Kizungu la mtambo huo. Mwaka 1947 maji ya chemchemi za Wadi Fatima yaliletwa mjini kwa mabomba, na mwaka huohuo ukuta ukabomolewa. Mji ukafunguka.

Fedha za kuufungua zilikuwa zimeanza kutafutwa miaka kumi na minne kabla, na palepale Jida. Mkataba wa kutafuta mafuta kati ya Saudi Arabia na kampuni ya Kimarekani ulitiwa saini katika kasri la Khuzam mwezi Mei 1933. Mafuta yenyewe yalipatikana mbali, upande wa mashariki, lakini matokeo yake yalifika Jida kwa namna nyingi. Shirika la serikali la mafuta na madini, Petromin, liliundwa mwaka 1962, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 60 kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi kusini mwa mji. Mwaka 1970 mtambo mkubwa wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari ulianza kufanya kazi pwani. Kiwanda cha mafuta kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2017, baada ya takriban nusu karne. Kilipojengwa kilikuwa nje ya mji. Kilipofungwa mji ulikuwa umekizunguka.

Maji yalipokuja kwa wingi, majitaka nayo yalikuja kwa wingi. Hili ni jambo dogo katika vitabu vya historia, lakini kwa udongo ni jambo kubwa. Mifereji ya majitaka haikwenda sambamba na nyumba. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya Jida ilitegemea makaro yaliyochimbwa chini ya majumba. Karo huvuja, maji ya chini yakapanda, yakiwa machafu, hata kuta na misingi ikaliwa na unyevu na chumvi. Yaliyonyonywa kutoka katika makaro yalibebwa na malori hadi bondeni mashariki ya mji, na kwa miaka mingi yakafanya ziwa zima la majitaka. Watu wa Jida, kwa dhihaka, waliliita Ziwa la Miski.

Tarehe 25 Novemba 2009 mvua kubwa ilinyesha kwa saa chache. Mafuriko yaliua zaidi ya watu 100, wengi wao katika mitaa ya kusini na mashariki iliyojengwa kwenye njia za maji. Hofu iliyofuata ilikuwa ya boma la Ziwa la Miski: likipasuka, majitaka ya miaka yote yangeshuka juu ya mji. Boma lilisimama, na baada ya hapo serikali iliamua ziwa likaushwe. Hata hivyo, ziwa likikauka halijaondoka lote. Linaacha matope yake chini, na mtu atakayetaka kujenga hapo miaka 50 ijayo anapaswa kujua kwamba palikuwa na ziwa, na la nini.

Riyadh: bonde lililorudishiwa uhai

Riyadh haikuwa na bahari wala bandari. Ilikuwa na bonde, Wadi Hanifa, lenye urefu wa takriban kilomita 120, lililolisha mashamba ya mitende na visima vya mji. Kuanzia miaka ya 1970 mji ulipopanuka kwa kasi, bonde lilifanywa uani pa kutupia. Machimbo ya mchanga na mawe yalilikwangua, kifusi cha ujenzi kikamwagwa kandokando, na majitaka ya mji yakatiririka humo.

Mwanzoni mwa karne hii mamlaka ya maendeleo ya Riyadh ilianza kulirekebisha. Kazi ilianza kwa uchunguzi: bonde lilipimwa, vyanzo vya uchafu vikatambuliwa kimoja baada ya kingine, na njia ya maji ya asili ikatafutwa chini ya kifusi. Kisha kifusi kikaondolewa na maji yakapitishwa katika mabwawa madogo ya mawe, ambamo hewa, mimea ya majini, vijidudu na samaki huyasafisha bila kemikali. Leo familia huenda huko jioni na mikeka na birika za chai. Mwaka 2010 mradi huo ulipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Tunautaja kwa furaha, maana unaonyesha kwamba ardhi iliyochafuliwa si maiti. Ikiulizwa vizuri ilipatwa na nini, inaweza kutibiwa.

Sasa Riyadh ina jaribio jingine. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba uwanja wa ndege wa zamani, uliobaki kuwa kambi ya anga baada ya uwanja mpya wa Mfalme Khalid kufunguliwa mwaka 1983, utageuzwa kuwa Bustani ya Mfalme Salman, yenye zaidi ya kilomita za mraba 13 katikati ya mji. Viwanja vya ndege vya zamani, popote duniani, huchunguzwa kwa uangalifu maalumu. Mafuta ya ndege humwagika, karakana hutumia dawa kali za kusafishia vyuma, na povu la kuzimia moto lililotumika mazoezini kwa miaka mingi lina kemikali ambazo haziozi kwa urahisi. Anayepanda miti hapo hana budi kuuliza kwanza ndege zilijazwa mafuta wapi, na wazima moto walifanyia mazoezi upande gani. Maswali hayo yanajibiwa na kumbukumbu za kambi na wazee waliofanya kazi kambini.

Majina ya mitaa ni nyaraka

Tulipokuwa tukisoma ramani za Jida, mmoja wetu aligundua kwamba majina ya mitaa yenyewe yanasimulia. Kusini kuna mtaa ulioitwa Karantina, kutokana na kituo ambamo mahujaji waliwekwa kando ili wachunguzwe maradhi kabla ya kuingia mjini. Kuna mtaa ulioitwa Petromin, kutokana na shirika la mafuta. Mtu asiye na ramani ya zamani wala kompyuta, akisikia tu “Petromin”, anajua achukue sampuli za nini.

Na sisi kwetu mambo ni hayohayo. Darajani, Unguja, hakuna daraja tena. Lakini jina linatukumbusha kwamba pale palikuwa na hori la bahari lililotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, likafukiwa kidogo kidogo. Dar es Salaam watu bado wanashuka kituo cha Tabata Dampo, ingawa dampo lilifungwa zamani, baada ya wakazi kuishtaki halmashauri ya jiji mwishoni mwa miaka ya 1980 na kushinda. Vijana wanaopanda daladala hapo huenda hawajui kesi hiyo, ila jina wanalitamka kila asubuhi.

Jina la mtaa hulindwa na watu wanaoutaja. Mtaa ukivunjwa na watu wakatawanyika, jina huanza kufa, na pamoja nalo hufa habari ya udongo.

Nani atakumbuka shimo?

Hapa ndipo tunapofikia jambo linalotuuma. Kuanzia mwishoni mwa 2021 hadi 2022, makumi ya mitaa ya Jida iliyojengwa bila mpango ilivunjwa, nayo ni pamoja na Ghulail, Petromin, Hindawiya na Kandara. Wakati huohuo, Desemba 2021, ulitangazwa mradi wa Jida ya Kati: mita za mraba milioni 5.7 kando ya bahari, kwa gharama ya riyali bilioni 75, wenye jumba la opera, makumbusho, uwanja wa michezo na nyumba za kuishi. Si kila mtaa uliovunjwa umo ndani ya mradi huo, wala hatutaki kuchanganya mambo mawili. Lakini yote mawili ni sehemu ya kazi moja ya kuupa mji sura mpya.

Tuwe waadilifu. Mitaa ile ilikuwa na shida za kweli: njia nyembamba zisizopitisha gari la zimamoto, makaro yaliyofurika, nyaya za umeme zilizoning'inia. Mjomba mwenyewe hakutaka tuisifu kupita kiasi. Sheria nazo zimesonga mbele. Sheria ya Mazingira ya Saudi Arabia ya mwaka 2020 ilifuatiwa na kanuni maalumu za kuzuia na kutibu uchafuzi wa udongo, na kuna kituo cha taifa cha kusimamia utekelezaji wake. Mtu anaweza kutuambia: wahandisi wana mashine, watatoboa, watapata kila kitu; ya nini maneno ya fundi wa magari?

Jibu letu ni la hesabu. Mashine hupata kilichopo pale inapotoboa. Kiwanja cha ekari nyingi hutobolewa mashimo machache, kwa kuwa kila shimo lina gharama yake, na umbali kati ya shimo na shimo unaweza kuwa mita 20 au zaidi. Shimo la mafuta nyuma ya gereji lina upana wa mita mbili. Linaweza kukaa katikati ya matobo mawili kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango. Viwanda vikubwa vina michoro na kumbukumbu. Gereji ndogo, wafua betri, wachoma taka na wapaka rangi za fanicha hawana. Kumbukumbu zao ni vichwa vya watu, na watu wenyewe wengi walikuwa wageni: Wayemeni, Wanigeria, Wasomali, Waethiopia, Waswahili. Walipoondoka, waliondoka na ramani.

Mfano wa Mombasa unatufundisha bei ya kutomsikiliza mkazi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007. Wakazi ndio waliosema kwanza kwamba watoto wanaumwa na mimba zinaharibika. Phyllis Omido, mama aliyekuwa amefanya kazi kiwandani humo na mwanawe akapatikana na risasi katika damu, aliongoza madai yao, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya Mazingira. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na mtaa usafishwe, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaipa nguvu tena hukumu hiyo baada ya rufani. Ushahidi wa maabara ulihitajika, lakini wa kwanza kupima alikuwa mama aliyemwona mwanawe akidhoofika.

Tunachopendekeza

Hatuna mamlaka juu ya Jida wala Riyadh. Sisi ni wanafunzi wenye umri wa miaka kama ishirini hivi, ambao Kiswahili chetu tulikipokea mezani kwa wazazi, na bado walimu wanatusahihisha ngeli. Ila tunayo lugha ambayo sehemu ya kumbukumbu hizo imehifadhiwa ndani yake. Mhandisi aliyeko Jida hawezi kumwuliza mzee wa Kibokoni alichokifanya gerejini mwaka 1995. Sisi tunaweza.

Kwa hiyo tunaomba chama chetu kianze jambo dogo. Kila mwanachama mwenye ndugu aliyewahi kufanya kazi Jida, Riyadh, Makka au mji wowote wa Ghuba amwulize maswali matano, amrekodi kwa ridhaa yake: Uliishi mtaa gani? Ulifanya kazi gani? Taka zenu mlizitupa wapi? Maji mliyapata wapi? Leo pamekuwa nini? Majibu tuyaandike kwa Kiswahili, tuyafasiri kwa Kiarabu na Kiingereza, na tuyaweke katika maktaba ya idara yetu mahali ambapo mtafiti anaweza kuyapata.

Tulimpigia mjomba mara ya pili kumsomea rasimu hii. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka kidogo tulipofika kwenye shimo. Kisha akatuambia tuchukue kalamu. Akaanza kutuelekeza: ukitoka msikitini, unapita duka la Myemeni, unahesabu milango saba mkono wa kushoto, halafu kuna mkunazi. Msikiti umebaki, duka, milango na mkunazi havipo tena. Tumechora ramani hiyo kwenye karatasi ya daftari, na tumeiandika tarehe. Hiyo ndiyo nyaraka ya kwanza ya mkusanyo wetu.